AE86: gari ya tofu, na ile motere ambayo baba alileta

Leo naomba tuache kidogo mambo ya CV na barua za kuomba kazi, tuongee juu ya gari. Si gari ya mkubwa, ile yenye vioo vyeusi. Ni Toyota ndogo ya zamani ambayo Wajapani wanaiita Hachi-Roku, maana yake nane-sita. Jina lake la kiwandani ni AE86. Mwishoni mtaona kwamba hatukuwa mbali sana na zile CV.

Mimi niliijua gari hii kupitia katuni. Tulikuwa mwaka wa pili wa graduat, Bukavu, tunalala watatu katika chumba kimoja. Mwenzetu mmoja akarudi na flashi yenye Initial D. Umeme ulikuwa unakuja usiku tu. Tuliangalia episodi tatu, kisha kompyuta ikazima. Kesho yake kila mmoja wetu alikuwa anaendesha kiti cha mbao na kupiga kona kwa mdomo. Tangu siku ile nimeirudilia yote mara tatu. Mara ya kwanza niliipenda. Mara ya tatu nilikasirika. Hasira ile ndiyo nataka kuwaelezea.

Tuanze na chuma yenyewe.

Corolla ilianza mwaka 1966, gari ya familia, ya mwalimu, ya karani. Mwaka 1983 Toyota ilitoa kizazi chake cha tano, na nyingi za kizazi kile zilihamia mfumo wa magurudumu ya mbele kuvuta gari, juu mfumo ule unaacha nafasi zaidi ndani na hauna gharama kubwa. Lakini ndugu wawili wa ukoo ule walibaki na desturi ya zamani, motere mbele, magurudumu ya nyuma yanasukuma: Corolla Levin na Sprinter Trueno. Kwa macho utazitofautisha kwa taa. Levin iko na taa za kawaida, Trueno iko na taa zinazolala ndani ya boneti na kuamka usiku. Motere yao, 4A-GE, ilikuwa ya lita 1,6 yenye vali 16, na Japani ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 130 hivi. Uzito wa gari nzima haukufika tani moja.

Kusema kweli, namba zile hazitishi mtu. AE86 iliacha kutengenezwa mwaka 1987. Miaka ya 1990 ilipofika, Nissan Skyline GT-R ilikuwa inatangazwa na farasi 280, magurudumu yote manne yanasukuma. Mbele ya gari kama ile, Hachi-Roku ilikuwa mzee wa mitumba. Lakini mzee huyo alikuwa na mambo matatu ambayo kijana asiye na franga anatafuta: ni mwepesi, ana bei ndogo, na hafichi makosa yako. Ukikosea kona, mkia unateleza na unakuambia palepale. Ni gari inayofundisha.

Aliyeonyesha jambo hilo mbele ya watu ni Keiichi Tsuchiya, dereva aliyejifunzia kwenye barabara za milimani, siyo kwenye shule ya matajiri. Mwaka 1987 ilitoka video fupi, Pluspy, inayomwonyesha akiteremsha AE86 yake mlimani, mkia ukicheza kona kwa kona. Watu wengi wanahesabu video ile kama mwanzo wa drifti kujulikana na umma. Sitaki tuifanye takatifu. Barabara ile haikuwa uwanja wa mashindano, ilikuwa ya watu wote. Siye ambao tumepita Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, tukiwa nyuma ya lori yenye mzigo, tunajua kona ya mlima si mchezo. Initial D yenyewe inakimbia haraka sana kwenye jambo hilo. Watu wanashindana usiku kwa mamia ya kurasa, na ni kama mlima hauuwi mtu.

Sasa, manga. Shuichi Shigeno alianza kuichapisha mwaka 1995 katika gazeti la Young Magazine la nyumba ya Kodansha, akaimaliza mwaka 2013, vitabu 48. Hadithi ni nyepesi. Takumi Fujiwara ni mwanafunzi wa sekondari. Baba yake, Bunta, anauza tofu, ile jibini ya soya. Kila alfajiri Takumi anapeleka tofu kwa hoteli iliyo mlimani Akina (mlima wa kweli uliotumika ni Haruna, mkoa wa Gunma), akiendesha Trueno nyeupe na nyeusi yenye jina la duka kwenye mlango. Ameanza kazi hiyo akiwa bado mtoto, kabla hata ya umri wa leseni. Baba anaweka kikombe cha maji ndani ya gari: maji yasimwagike, tofu isivunjike. Miaka mitano hivyo. Kisha siku moja vijana wenye magari ya bei kubwa wanakuja mlimani, na gari ya tofu inawapita kwenye mteremko.

Hapo ndipo Shigeno ni bwana. Angalia vile ameweka ufundi wa Takumi mahali ambapo hakuna mtu anatafuta ufundi. Kijana hapendi magari. Wenzake wanapoongea juu ya Hachi-Roku, hajui hata kwamba ndiyo ile ya nyumbani kwao. Anajua tu barabara, kona moja moja, juu ni kazi yake. Ujuzi wake hauna diploma, hauna jina, unalipwa kidogo ao haulipwi. Sijaona kitabu kingine cha vijana kinachoheshimu namna hii kazi ya kurudiarudia.

Na kuna sura moja ambayo kwangu inashinda mbio zote. Rafiki yake Takumi, Itsuki, anakusanya franga zake anunue Hachi-Roku yake. Anakuja nayo akifurahi, kumbe ni AE85: mwili ni uleule, lakini ndani kuna motere dhaifu ya lita 1,5. Watu wanamcheka mlimani mpaka anataka kulia. Takumi anachukua usukani wa ile AE85 na kuwafukuza wale waliocheka, anawapita. Ni kurasa chache, lakini zinabeba fundisho lote ambalo mashabiki wanarudilia mpaka leo: si gari, ni dereva.

Fundisho hilo ndilo lilizunguka dunia. Katuni ya televisheni ilitoka 1998, Tsuchiya mwenyewe akiwa mshauri. Muziki wake wa haraka, Eurobeat, mwingi ulitengenezwa na Waitalia, na leo mtu ambaye hajaona hata episodi moja anaujua kupitia video za kuchekesha za magari yanayoteleza. Mwaka 2005 Hong Kong ilitoa filamu ya Andrew Lau na Alan Mak, Jay Chou akicheza Takumi. Mwaka 2006 Tsuchiya alionekana kidogo katika Tokyo Drift, amekaa kama mvuvi anayetazama vijana wakijifunza. Corolla ya karani ikawa nyota.

Basi hasira yangu iko wapi?

Iko katikati ya hadithi. Takumi anakutana na Kyoichi, dereva wa Mitsubishi Lancer Evolution III. Wanashindana, na motere ya Trueno inakufa. Inapasuka kabisa. Kama fundisho ni "si gari, ni dereva," hapa ndipo tungeona dereva asiye na gari anafanya nini. Atauza tofu miaka mingapi ili apate motere ingine? Lakini Shigeno hatuachi tungoje. Bunta, yule muuza tofu aliyekaa kimya na sigara yake, alikuwa amekwisha kutafuta motere ya mashindano, yenye kufika mizunguko 11 000 kwa dakika. Anaiweka. Mbele kidogo, Bunta huyohuyo anajinunulia Subaru Impreza. Gari ya pili! Na tunajua tangu mwanzo kwamba zamani yeye mwenyewe alikuwa mfalme wa mlima ule.

Sasa hesabuni pamoja nami. Kijana ana mwalimu bora ndani ya nyumba. Ana gari ambayo baba amekuwa akiitengeneza usiku bila kumwambia. Ana barabara ya kufanyia mazoezi na mafuta yanayolipwa na duka. Siku chuma inakufa, chuma ingine iko inamngoja. Halafu siye tunafunga kitabu tunasema: ona mtoto wa maskini alivyojikaza!

Sisemi Takumi hastahili. Mwanzoni ile motere mpya inamshinda, na inabidi ajifunze upya. Urithi bila jasho haungemfikisha. Na Shigeno, kwa haki, hakuficha kitu: motere imechorwa, Impreza imechorwa, baba amechorwa. Ni siye wasomaji tuliofuta baba kwenye picha, juu hadithi ya mtu aliyejifanya peke yake ni tamu zaidi. Tuko nayo kila siku ya collation. Mkubwa anapanda mbele, anatuambia alianza na viatu vilivyotoboka. Tunapiga makofi. Hakuna anayeuliza nani alimwekea motere.

Kuhusu kampuni yenyewe, fundisho lake liligeuka kinyume. Gari iliyopendwa juu ya bei yake ndogo sasa inauzwa bei ambayo kijana wa umri wa Takumi hawezi kugusa, na sababu kubwa ni hadithi ya Takumi. Mwaka 2012 Toyota ilirudisha jina, ikatoa Toyota 86 pamoja na Subaru: lita 2,0, farasi 200, magurudumu ya nyuma, na mwaka 2021 ikafuata GR86 ya lita 2,4. Ni magari mazuri, na kuna heshima ndani ya kukataa kuongeza nguvu bila kipimo. Lakini zilizaliwa zikiwa tayari gari za michezo. Ile ya 1983 ilikuwa Corolla kwanza. Shigeno mwenyewe aliliona jambo hili, nadhani: katika MF Ghost, aliyoanza 2017, dunia imejaa magari ya umeme yanayojiendesha, na kijana Kanata anaendesha Toyota 86 dhidi ya magari ya kifahari ya Ulaya. Anashindana mbele ya kamera. Hakuna tofu ya kupeleka. Hapo nilikosa kitu. Mwaka 2023 Toyota ilionyesha AE86 mbili za majaribio, moja ya haidrojeni, moja ya umeme iliyobaki na gia za mkono. Mashabiki walifurahi. Mimi niliona gari ya duka imekuwa kitu cha maonyesho.

Lakini mwisho wa Initial D ulinirudisha. Katika mbio za mwisho Takumi anapambana na kijana mwingine mwenye AE86, naye amejifunza akiwa mtoto. Motere ile ya baba inakufa tena. Safari hii hakuna ya akiba. Gari inateremka bila motere mpaka kwenye mstari, na kilichobaki ni mikono yake, mlima na uzito wa gari. Zile mita chache za mwisho ndizo zake peke yake. Nafikiri Shigeno alijua deni lake, akalilipa.

Mimi je? Niko na deni pia. Nilipomaliza lisansi nilikaa miezi saba tu bila kazi. Baba mdogo alijua mtu, mtu akajua mtu, nikapata staji, staji ikawa kazi. Mara mbili niliitwa kuongea na wanafunzi wadogo, na mara zote mbili niliwaambia, "Jikazeni, mimi mnaniona." Sikutaja baba mdogo. Yule mwenzetu wa flashi, ambaye alikuwa anatufundisha siye wawili usiku wa mitihani, anaendesha moto. Kila alfajiri anapanda na kushuka vilima vya Bukavu, na anajua kila shimo la barabara. Yeye ndiye aliyekuwa na kikombe cha maji. Mimi nilipewa motere.

Nilimtumia maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Alijibu kwa sauti, akicheka: "Wee, andika tu, lakini usisahau flashi haikurudi." Ni kweli. Iko kwangu mpaka leo.

Ndugu msomaji, usinitumie kidole gumba tu. Niambie hapa chini: wewe, motere yako nani aliileta? Na uliwahi kumtaja?