Tazama Ndani ya Mzinga

Fundi anayejua kazi yake, akiletewa ngoma ya zamani, hagusi fimbo. Huanza na skrubu. Hulegeza moja, kisha ile iliyo mkabala nayo, mpaka ringi itoke na wambo, ule uso unaopigwa, ubanduke. Hapo ndipo huinua mzinga mtupu wa ngoma kwenye mwanga akachungulia ndani. Nimewatazama mafundi wa aina hii wakiuzungusha mzinga taratibu, kimya, kama msomaji wa barua ya mzazi aliye mbali. Mnunuzi pembeni huwa hana subira. Ameshaiona nembo, ameshaiona plastiki ya lulu inayong'aa, anataka kulipa aondoke.

Mimi nausifu utulivu wa huyo fundi, maana ni heshima kwa mafundi waliomtangulia. Ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walianza biashara yao ya ngoma Chicago mwaka 1909. Mji huohuo ulikuwa na watengenezaji wengine, Slingerland. Gretsch walikuwa Brooklyn, na Premier walikuwa Uingereza. Mengi yamesemwa juu ya wapigaji waliozipa ngoma hizo umaarufu. Machache juu ya mikono iliyozitengeneza. Itazame snea ya Slingerland iliyoitwa Radio King: ubao mmoja mzima wa mti wa mepo, uliolainishwa kwa mvuke, ukakunjwa mpaka ncha zake zikakutana. Ubao haukunjwi hivyo na mtu mwenye haraka.

Lakini moyo wangu uko ndani ya Ludwig za miaka ya 1960. Mzinga wake ni tabaka tatu nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja, na juu na chini umetiwa pete ya mepo ili usilegee. Kwa sehemu kubwa ya muongo ule, ndani mlipakwa rangi nyeupe. Msikilizaji hakuiona rangi hiyo, wala mpigaji mwenyewe hakuiona ila siku ya kubadilisha wambo, na bado kuna mtu aliyeipaka. Juu ya weupe huo, katika ngoma nyingi, utakuta mhuri wa tarehe kwa wino mwekundu, mara nyingine umekaa upande. Aliyeugonga hatulijui jina lake. Alikuwa kazini siku ile, na siku yake imebaki pale zaidi ya nusu karne.

Mhuri huo una thamani kuliko maneno ya muuzaji. Namba za nembo za Ludwig hazikufuata tarehe kwa mpangilio, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kukwambia umri wa ngoma. Isome pamoja na mhuri, rangi ya ndani na vyuma. Kagua pia mshono wa plastiki inayofunika mzinga. Wakati ule kiwanda kiliingiza ncha yake katika kiungo cha ubao wa nje. Aliyeibandua na kubandika mpya huacha alama. Kisha weka mzinga juu ya kioo kilichonyooka, tia taa ndani, zima taa za chumba. Mwanga ukipenya chini, ukingo unaobeba wambo umepinda au umeliwa, na ngoma hiyo itakusumbua kila utakapoikaza.

Uangalifu huu ulianza kupotea pale ngoma zilipogeuka mali. Mwaka 1963 Ringo Starr, mpigaji ngoma wa Beatles, alipata mjini London seti ya Ludwig ya rangi iitwayo Black Oyster Pearl. Tarehe 9 Februari 1964 alionekana na seti nyingine ya rangi hiyohiyo katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, na kila kijana akaitaka Ludwig. Rangi ile ina bei yake mpaka leo, na penye bei hapakosi mjanja wa kuibandika juu ya mzinga usiohusika. Wahenga walishasema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Ujanja huo unaniuma, ila uzembe unaniuma zaidi. Miaka ya 1970 ilipokuja na mtindo wa kuvua wambo wa chini, ringi na skrubu nyingi zilitupwa. Keekee ikatoboa mizinga mizima ili kufunga vishikio vya kisasa. Siku hizi seti iliyotoka kiwandani pamoja huvunjwa ikauzwa kipandekipande, ngoma kubwa huku, ndogo kule, kwa kuwa vipande vina faida kuliko seti. Miaka sitini ya kukaa pamoja huisha kwa alasiri moja.

Sisemi kila ngoma yenye jeraha haifai. Anayetaka kupiga anaweza kuinunua iliyotobolewa au kupakwa upya, mradi ukingo wake ni mzima na bei inakiri kasoro. Snea ya Ludwig iitwayo Supraphonic, ya aluminiamu, hutoka madoa kwenye kromu, na sauti yake haipungui. Anayekusanya ndiye asikubali tundu la ziada. Na anayependa Premier za zamani akumbuke kwamba baadhi ya mizinga yake ni mipana kidogo kuliko vipimo vya leo, hata wambo wa dukani usiingie, kwa hiyo apime kwanza.

Ludwig waliondoka Chicago mwaka 1984. Jina lao lipo na ngoma zinaendelea kutengenezwa, lakini ile mizinga myeupe haitaongezeka hata mmoja. Inaweza kupungua tu, na inapungua kila mtu anaposhika keekee pasipo kufikiri.

Basi, msomaji, ukiipata ngoma ya zamani, usilipe kabla hujaufungua wambo na kuona ndani. Ukiipata nzima, iache nzima. Usitoboe. Ukibadilisha skrubu au ringi, zile za zamani zifunge kwenye kitambaa na uzihifadhi, ili siku utakapoiuza ziende pamoja nayo. Na kama umeipata seti iliyokamilika, iuze kwa yule atakayeichukua yote, hata kama atakulipa pungufu.