Megatron Amevaa Alama ya Autobot: Tunabishana Juu ya Nini Kabisa?

Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Naomba tuongee maroboti.

Sisi tuliokaa homu pamoja tunakumbuka ubishi wa Transformers. Umeme umekatika, simu moja tu imebaki na chaji, watu sita wameinamia kioo kimoja wakisoma BD kwa Kiingereza cha kuokoteza, na kabla ya kufika ukurasa wa mwisho makelele yameanza. Swali lilikuwa lilelile kila siku: kati ya wote waliofufua hii hadithi, nani aliitengeneza na nani aliiharibu? Miaka imepita, tumepata diploma zetu, wengine wameoa. Juma lililopita nilikutana na wawili kati yao, na ubishi ukaanza palepale tulipouacha. Usiku, njiani kurudi nyumbani, nikaona kwamba miaka yote hii tulikuwa tunauliza swali baya. Njo maana naandika.

Kwa wasiojua, nitapita haraka. Transformers ilianza kama biashara ya vitu vya watoto kuchezea. Hasbro ya Marekani ilichukua midoli ya Takara ya Japani, ikaomba Marvel iwatungie hadithi. BD ilitoka mwaka 1984, ikapangwa kuwa ya namba nne tu. Ilikwenda mpaka namba 80, mwaka 1991, na kwenye jalada la mwisho walijicheka wenyewe: waliandika kwamba hii ni namba ya 80 katika mfululizo wa namba nne. Uingereza walikuwa na gazeti lao la peke yake, lililofika namba 332. Kisha Dreamwave wakaifufua mwaka 2002, na 2005 kampuni ikaanguka. IDW wakaishika kutoka 2005 mpaka 2022. Tangu 2023 iko mikononi mwa Skybound.

Kambi zetu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya "wazee", hata kama mzee wao ana miaka 28: kwao Marvel ni Marvel, vingine vyote ni kopi. Ya pili ni watu wa IDW, na zaidi ya wote James Roberts, aliyeandika More Than Meets the Eye kuanzia 2012. Ya tatu imezaliwa juzi tu, ni ya Skybound na Daniel Warren Johnson, na hao wana kiburi kwa sababu mwaka 2024 alipata tuzo mbili za Eisner kwa kazi hiyo.

Mimi niko wa kambi ya pili, sifichi. Lakini nataka kuwapa wazee haki yao kwanza.

Watu wanacheka namba 24 ya Marvel, ya mwanzo wa 1987, iliyoandikwa na Bob Budiansky. Munaijua: Optimus Prime na Megatron wanakubali kumaliza vita ndani ya mchezo wa kompyuta, na atakayeshindwa atalipuliwa. Optimus anashinda. Lakini ili ashinde, amewaacha wakaaji wadogo wa ule mchezo wafe. Basi anasema: mimi nimeiba ushindi, nilipueni. Na wanamlipua. Kila mara tukifika hapo, homu nzima inacheka. Kiongozi wa vita anakufa juu ya viumbe wa kompyuta!

Siku hizi mimi sicheki tena. Budiansky alikuwa anaandika BD ya kuuza midoli, kila mwezi analetewa majina mapya ya kuingiza, na bado akaweka hapo katikati swali moja zito: ukishinda kwa kukanyaga wadogo, umeshinda? Bahati mbaya alilifungua na kuliacha. Optimus alihifadhiwa kwenye disketi, mwaka uliofuata akarudi, vita vikaendelea. Na Megatron upande ule hakuwa na swali lolote la kujibu. Alikuwa mbaya kwa sababu lazima mtu mmoja awe mbaya.

Hapo njo kipimo changu kinaanzia. Kufufua hadithi ya zamani si kurudisha rangi na sauti za utoto wetu. Hiyo hata Regeneration One ilifanya, kati ya 2012 na 2014: Simon Furman na mchoraji Andrew Wildman walirudi wakaanzia palepale namba 80 ilipoishia, wakaipeleka mpaka 100. Sisi watu wa kilimo tunajua jambo hili. Ukikata mti wa muhogo wa zamani na kuupanda, unapata muhogo uleule kabisa, pamoja na ugonjwa wake. Regeneration One ni kazi ya mikono mizuri, lakini iliota na ugonjwa wa mama yake: vita juu ya vita, na hakuna anayeuliza tutaishi vipi vita vikiisha.

IDW waliuliza. Walianza na Megatron mwenyewe. Mwaka 2007, katika Megatron Origin, walimfanya mchimba madini. Ndugu wa Kolwezi na wa Kamituga wataelewa bila tafsiri. Roberts akaongeza: Cybertron ya kabla ya vita ilikuwa inchi ambamo umbo lako linaamua kazi yako na thamani yako. Ukizaliwa na umbo la kuchimba, utachimba mpaka ufe. Na huyu mchimbaji alikuwa anaandika. Alikuwa anaandika kwamba mtu si umbo lake. Katika Chaos Theory, ya 2011, tunaona amekamatwa baada ya ugomvi wa baa, na ndani ya cachot anapigwa na askari anayeitwa Whirl. Hakuwa ameua mtu. Na polisi mmoja anayeitwa Orion Pax, ambaye baadaye atakuwa Optimus Prime, anasoma maandishi yake na kwenda kuyasema mbele ya Seneti.

Munaona ubaya wa hiyo hadithi? Megatron alikuwa na haki. Kisha akaua kwa miaka milioni nne.

Ingeishia hapo, tungekuwa na hadithi nzuri ya mtu aliyeharibika, na zinajulikana nyingi. Lakini mwaka 2014, kutoka namba 28, Roberts alifanya jambo lililogawanya homu yetu vipande viwili. Megatron anavua alama ya Decepticon na kuvaa ile nyekundu ya Autobot. Wanamhukumu, naye anadai haki ya kuhukumiwa na Mashujaa wa kale wa Cybertron, ambao hakuna anayejua wako wapi. Basi wanamweka ndani ya chombo cha Lost Light, kinachowatafuta hao Mashujaa, na wanamfanya kapteni pamoja na Rodimus. Kapteni! Ndani ya chombo kilichojaa watu aliowaulia marafiki. Na Whirl, yule aliyempiga zamani, naye yuko humo ndani.

Rafiki yangu wa kambi ya kwanza alitupa simu kwenye kitanda. "Megatron eko muuaji, basi! Banaharibu hadithi!" Wakati ule nilimjibu kwa maneno ya ukurasa: michoro ya Alex Milne, maongezi, vichekesho. Leo naona hatukuwa tunaongea juu ya michoro. Sisi ni watoto wa Kongo. Neno brassage kwetu si la bia tu. Tulikuwa wadogo mwaka 2003 serikali ya mpito ilipoanza, rais mmoja na makamu wanne, na waliokuwa wanapigana jana wakakaa meza moja. Tulikua tukiona waliotoka msituni wakivaa uniforme ya jeshi la taifa. Wakubwa walituambia njo amani. Pengine ni kweli. Lakini hakuna aliyemuuliza mama aliyepoteza mtoto kama anakubali. Rafiki yangu alipotupa simu, sidhani kama alikuwa anamtetea Marvel.

Nitasema jambo moja la kazini. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nafuatilia kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja cha Kivu ya Kusini. Siku ya kugawa miti ya mihogo, aliyekuwa anagawa mafungu alikuwa kijana aliyetoka msituni. Mama mmoja alifika mbele yake na hakunyoosha mkono. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Weka chini. Nitaokota mimi mwenyewe." Kijana akaweka fungu chini, akarudi nyuma hatua tatu. Mama akaokota, akaenda kupanda. Mpaka msimu unaisha njo vile walifanya. Walipalilia shamba moja, walivuna pamoja, na hakuna siku alipokea kitu kutoka mkono wake. Mimi, na lisanse yangu, nilitaka kuwapatanisha. Mzee wa kikundi akanivuta pembeni: "Mwanangu, acha. Hiyo tayari ni kazi kubwa."

Tangu siku ile nasoma More Than Meets the Eye kwa macho mengine, na naona mahali inasimama na mahali inaanguka.

Inasimama kwenye Necroworld. Ni dunia ya yule anayeitwa Necrobot, anayeandika hesabu ya wafu. Kuna sanamu za maroboti, na kuzunguka sanamu kuna maua: ua moja kwa kila roho ambayo mwenye sanamu aliiondoa. Megatron anafika mbele ya sanamu yake. Maua yanakwenda mpaka macho yanashindwa. Mimi kazi yangu ni kuhesabu mimea. Muhogo ukipandwa mita moja kwa mita moja, hektari moja inabeba miti elfu kumi, na kuitembea mstari kwa mstari inakuchosha asubuhi nzima. Pale nilisimamisha kusoma nikajaribu kukadiria. Nikashindwa. Hakuna hotuba ya Optimus, hakuna msamaha, hakuna mziki. Ni mtu na shamba lake. Hiyo kurasa Marvel hawangeweza kuiandika, na si kwa kukosa akili. Hadithi yao haikuwa na mtu wa kumsimamisha pale.

Inaanguka wapi? Kwa Getaway. Huyu ni Autobot aliyekataa Megatron kuwa kapteni. Hoja yake ni hoja ya yule mama, ni hoja ya rafiki yangu: mulituomba sisi tukubali, nani alituuliza? Lakini Roberts alimfanya mtu mchafu. Anamtumia Tailgate, roboti mdogo mwenye moyo safi, kama chambo cha kumtega Megatron. Kisha anaongoza maasi, anakamata chombo na kuwaacha Rodimus, Megatron na wenzao huko Necroworld. Hapo msomaji anapumzika: ahaa, anayekataa ni mwovu, basi sisi tunaokubali ni wema. Hiyo ni njia ya mkato. Mwandishi alichukua hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya hadithi yake, akaiweka katika mdomo wa mtu ambaye hatutaki kumsikiliza. Yale maua pia, kwa uzuri wake wote, hayana majina. Megatron tunajua mashairi yake, rafiki zake, huzuni yake. Waliokufa tunajua rangi ya maua yao tu.

Kwa hiyo kwa rafiki yangu nasema: ulikuwa na haki ya kukasirika, lakini sababu uliyotoa haikuwa yenyewe. Roberts hakuiharibu hadithi kwa kumvalisha Megatron alama nyekundu. Alikosea kila mara alipotuharakisha tumpende. Alipomwacha asimame mbali, hatua tatu nyuma, na wenzake wafanye kazi bila kumpa mkono, aliandika mambo ambayo hii hadithi haikuwahi kuyafikia tangu 1984.

Na Skybound? Nakubali Johnson anachora vita vinavyouma. Katika namba ya kwanza Starscream anaamka na jambo la kwanza analofanya ni kumuua Bumblebee, kipenzi cha watoto wote. Chuma kinapasuka, nyumba za watu zinavunjika, na Optimus anabeba kila kosa mgongoni. Zile tuzo hazikumwangukia bure. Lakini katika namba nilizosoma, tumerudi kwenye dunia ambamo rangi ya alama inakuambia nani mwema. Ni mapumziko, na mimi pia ninayahitaji siku zingine nikitoka kazini. Lakini tusiite mapumziko hatua ya mbele.

Basi wadogo zangu munaoingia kwenye huu ubishi mwaka huu, shauri langu ni hili. Musiulize tena nani alifuata ya kwanza sawasawa. Musome namba 24 bila kucheka. Kisha Chaos Theory, kisha More Than Meets the Eye kutoka namba 28. Mukifika kwenye maua, musipite haraka. Mwisho wa Megatron siwaambii, kwa sababu nataka mubishane juu yake na roho zenu, si na maneno yangu.

Na wewe rafiki uliyetupa simu: kioo chake kilipasuka siku ile, na mpaka leo hujanilipa. Njoo tumalize ubishi.