Miguu ya Superman na Kipenyo cha Krypton

Superman alipotokea kwenye katuni nchini Marekani mwaka 1938, hakuwa anapaa. Alikuwa anachupa tu, karibu mita 200 kwa mruko mmoja. Baadaye ikaelezwa kwamba kwao, sayari ya Krypton, mvutano ni mkubwa kuliko wa Dunia. Mwanafizikia James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota akauliza: mkubwa kiasi gani? Hesabu yake, iliyomo katika kitabu chake The Physics of Superheroes cha mwaka 2005, inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Ili ufike mita 200 juu, lazima uiache ardhi kwa kasi ya mita 63 hivi kwa sekunde. Kakalios akakadiria kwamba miguu husukuma kwa robo sekunde, hivyo mchapuko ni takriban mara 25 ya mvutano wa Dunia. Kisha akachukulia kwamba msukumo huo unazidi uzito wa shujaa huko kwao kwa asilimia 70. Jibu: mara 15.

Hapo ndipo utamu ulipo. Msongamano ukibaki kama wa Dunia, mvutano wa usoni hukua sambamba na kipenyo, kwa hiyo Krypton ingekuwa pana mara 15 ya Dunia. Mshtarii, jitu la gesi, halifikii hata mara 12. Tungamo la Krypton lingekuwa 15 mara 15 mara 15, yaani Dunia 3,375, zaidi ya Mshtarii 10. Mwamba hauwezi kukaa hivyo. Kakalios akaiwekea Krypton kiini cha maada ya nyota ya nyutroni, na kuyumba kwa kiini hicho kukaeleza kwa nini, katika hadithi, sayari hiyo ililipuka. Ni ubunifu mzuri sana.

Ila robo sekunde haikubaliki. Kutoka sifuri hadi mita 63 kwa sekunde katika muda huo, mwili husafiri karibu mita 8 nyayo zikiwa bado chini! Mtu anayechutama na kujinyoosha huinuka nusu mita hivi. Basi tupime umbali badala ya muda: 200 gawanya kwa 0.5, mchapuko ni mara 400. Kwa uwiano uleule wa Kakalios, mvutano wa Krypton unakuwa takriban mara 235 ya wetu, ilhali usoni mwa Jua ni mara 28 tu. Na kwa msongamano wa Dunia, kipenyo cha sayari hiyo kingezidi mara mbili ya kile cha Jua.