Heko kwa Mwalimu wa Zamu

Kenya ilipofuta viboko shuleni mwaka 2001, wapo waliohofia fujo madarasani. Miaka miwili baadaye elimu ya msingi ikawa bila malipo, watoto wakafurika. Mzigo wa nidhamu ukamwangukia mwalimu wa zamu.

Hufika langoni kabla ya kengele, akakagua kucha na sare. Kwenye paredi humwita mbele mtoto aliyeokota pesa akazirudisha, na shule nzima ikampigia makofi. Makofi hayo hayaigharimu serikali hata shilingi, ila mtoto huyasimulia nyumbani hadi usiku.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikaza marufuku ya viboko. Kuketi faraghani na mtoto mkorofi, kumsikiliza, pengine kumpa ufunguo wa darasa autunze, ni kazi ngumu kuliko kushika kiboko. Anayeifanya anastahili pongezi, na wenzake wa kumsaidia waajiriwe.