Tekila, Ndimu na Chumvi ya Uvinza

Kinywaji, kama insha ya mwanafunzi, kina haki ya kusahihishwa. Katika chuo cha ualimu niliwazoeza vijana kuiuliza kila kazi maswali matatu: Je, kila sehemu ina kazi yake? Je, sehemu moja inaficha kasoro ya nyingine? Na mwandishi alimfikiria nani alipoandika? Leo nayauliza maswali hayo kuhusu margarita, kinywaji chenye asili ya Meksiko ambacho mjukuu wangu amenionyesha namna ya kukitengeneza hapa nyumbani Kagunga, kwa chupa aliyokuja nayo kwa boti kutoka Kigoma mjini.

Kanuni yake ni fupi. Chukua tekila mililita 50, pombe tamu ya machungwa 20, na maji ya ndimu mbichi 15. Tikisa pamoja na barafu, kisha mimina katika glasi ambayo mdomo wake umepakwa ndimu na kuchovywa katika chumvi.

Kwa swali la kwanza, kinywaji hiki kinafaulu vizuri. Tekila hutokana na mmea ulio ndugu wa mkonge wetu. Mkonge nao asili yake ni Meksiko. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Sisi tulichukua jani tukasokota kamba. Wao huchukua kiini cha mmea ule mwingine, wakakioka na kukamua utamu wake. Ndimu hukata ukali, utamu wa machungwa hupatanisha, na chumvi hutuliza uchungu. Nilitumia chumvi ya Uvinza, ile iliyochemshwa kutoka chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000 na kuvushwa ziwa hili kwa biashara. Basi ladha hiyo si ngeni kabisa kwetu: mgebuka wa kuchoma nao hutaka ndimu na chumvi.

Kwa kuwa pombe ya machungwa hatukuwa nayo, tulitia asali ya Kibondo na maganda ya chungwa yaliyokunwa. Asali ni nzito, hufunika harufu ya tekila. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Cha pili kinaharibu.

Swali la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Ukali wa ndimu, utamu na chumvi vikikutana huweza kuficha pombe mbovu. Nasikia vijana wakisema kwamba asiye na tekila atumie gongo, kwani ndimu itarekebisha. Hapana. Pombe ya kienyeji ya kuchemshwa huweza kuwa na methanoli, ambayo ulimi hauwezi kuitenga na pombe ya kawaida, wala ndimu haiiondoi. Jijini Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe yenye sumu hiyo.

Kwa swali la tatu kanuni inaanguka. Inasema “barafu” bila kuuliza maji yametoka wapi. Mwandishi wake alimfikiria mtu wa mjini mwenye bomba analoliamini. Sisi hatuwezi kusahau Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipofurika katika ufuko huu wetu, na kipindupindu kikaua watu. Kugandisha hakuui vijidudu vya maradhi hayo. Maji ya barafu lazima yachemshwe kwanza, na maneno hayo yaandikwe juu kabisa ya kanuni, kabla hata ya tekila kutajwa.

Hukumu yangu, basi: mpangilio mzuri, maelezo pungufu. Mwenye chupa yenye lakiri na maji yaliyochemshwa atengeneze moja, anywe taratibu. Asiye navyo achanganye ndimu, asali na chumvi kidogo katika maji safi. Mgebuka hautalalamika.