Kitabu cha Withering juu ya Mmea wa Digitali

Wako waandikao habari za miti ya dawa kwa mstari mmoja tu: mti huu ni dawa ya tumbo, basi. Kwa ajili yao twapenda kukitaja kitabu cha William Withering, tabibu Mwingereza, kilichopigwa chapa mwaka 1785. Mwaka 1775 aliulizwa shauri juu ya dawa ya safura, iliyokuwa siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire. Ilichanganywa majani ya namna 20 au zaidi. Yeye akatambua kwamba nguvu imo katika digitali. Kwa miaka kumi akaandika habari za wagonjwa wake aliowapa, waliopona na waliokufa pia, akionya kwamba kipimo kikizidi mgonjwa hutapika, mshipa hupiga polepole, naye aweza kufa. Huo ndio uaminifu wa kitabu hiki. Lakini twaona upungufu mmoja: jina la yule bibi hakuliandika. Basi nasi tukusanyapo dawa za wazee wetu, tuandike kipimo, tuwaandike wasiopona, na jina la aliyetufundisha tusilifiche.