Herufi Kumi na Tisa

Kabla ya kuwasha kompyuta, huchonga kalamu ya risasi. Huichonga kwa kisu kidogo, taratibu, akiizungusha kidoleni mpaka ncha iwe ndefu na nyembamba, kisha huijaribu ukingoni mwa karatasi kwa mstari mmoja mfupi. Chumba chake kiko ghorofani, juu ya Ndia Kuu, njia ile inayotoka upande wa Ngome ya Yesu na kuingia ndani ya Mji wa Kale. Mwangaza humfikia kupitia roshani ya mbao, na meza ameiweka hapo hapo, ubavuni mwa roshani, ili kivuli cha mkono kisiiangukie kazi.

Ni mbunifu wa michoro wa kujitegemea. Hana mwajiri. Wateja humletea kazi kwa simu: nembo ya duka, kadi ya arusi, orodha ya vyakula vya mkahawa. Jumamosi ni siku ya mtaa, na kazi ya siku hiyo haina malipo. Jumamosi niliyoruhusiwa kukaa kitini nikamtizama, alikuwa akibuni leso ya kikundi cha akina mama wa mtaani, wale wanaosaidiana katika arusi na matanga. Walitaka leso yao wenyewe, waivae pamoja na nyingine waziuze kutunisha mfuko wao.

Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayokaa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Leso moja huwa na urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Yeye huigawa kwa tano. Alitandika karatasi ya miraba, akapima mstatili wa sentimita 30 kwa 22, akaukata kwa mistari miwili hafifu, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Ikabaki robo nne. Akachora robo moja tu.

Ua la pindo, mnyororo wa pete na majani, alilitoa nje, mlangoni. Milango ya kale ya mtaa huu imenakshiwa kwenye miimo, na juma zima alikuwa akipita na daftari, akisimama mbele ya mlango mmoja kwa dakika chache kisha akienda zake. Daftarini mlikuwa na mnyororo uliochorwa mara kumi na moja. Ule wa kwanza ulifanana kabisa na mti uliochongwa. Ule wa kumi na moja ulikuwa umepunguzwa hadi mikunjo mitatu. "Patasi huacha kina," aliniambia. "Kitambaa hakina kina. Lazima mstari ufanye kazi ya kivuli."

Pindo likaenda vizuri mpaka lilipofika pembeni. Hapo ndipo ufundi hupimwa, kwa kuwa mnyororo unaotembea mlalo unapaswa kugeuka na kushuka wima bila kukatika. Alihesabu pete upande mrefu, akahesabu upande mfupi. Upande mmoja ulibakisha nusu pete. Asiyejali angeibana ile nusu, au angeificha kwa ua kubwa la pembeni. Yeye alifuta upande wote, akaongeza kila pete upana wa nywele, akahesabu upya. Zikatimia. Kazi hiyo ilikula saa nzima, na ilipokwisha hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba palikuwa na tatizo.

Kisha akalaza karatasi ya kufuatishia juu ya robo ile, akaifuata kwa wino, akaigeuza kulia, akaigeuza chini. Robo moja ikawa leso nzima. Mjini aliweka korosho nne zinazotazamana, na katikati pakabaki peupe pa kutosha. Rangi zilikuwa mbili tu, nyekundu na nyeusi, juu ya weupe wa kitambaa. Hizo ndizo rangi za kisutu, leso ya arusi ambayo mama yeyote wa Mombasa huijua kwa mbali.

Likaja jina. Neno leso lenyewe limetokana na Kireno, kutokana na vitambaa vya mkononi ambavyo hapo zamani wanawake wa pwani waliviunga pamoja kufanya vazi. Maneno yalikuja baadaye. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887 na leso zake hujulikana hadi leo kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mtaa wa Biashara, zinakouzwa leso, hauko mbali na hapa. Mnunuzi hulisoma jina kabla hajaitizama rangi.

Akina mama walikuwa wameleta maneno haya: JIRANI MWEMA NI MKONO WA PILI. Aliyaandika, akawasomea wawili waliokuja kutizama kazi. Yule mkubwa wao akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hilo MWEMA litoe. Jirani ni jirani. Hata asiye mwema, siku ya msiba utamwita, naye atakuja." Mbunifu hakubishana wala hakusifu. Alifuta neno, akahesabu. Zimebaki herufi kumi na tisa na nafasi nne, jumla ishirini na tatu. Kwa hesabu, katikati ni K ya MKONO.

Lakini herufi hazilingani unene. Upande wa kushoto una I tatu na J, zote nyembamba. Upande wa kulia una O mbili na W inayojitanua. K ikiwekwa katikati, jina litalemea kulia. Kwa hiyo alikata ukanda wa karatasi, akapima kila herufi peke yake, akajumlisha. Kitovu cha kweli kikaangukia baina ya K na O. Akatia nukta hapo, akaanza kuandika kutoka katikati kwenda nje, herufi moja kulia, moja kushoto, kama mtu anayepakia mizani.

Nilidhani kazi imekwisha. Akaichora ile sehemu ya jina kwa ukubwa wake halisi, ukanda wa sentimita 70, akaubandika kwa pini kwenye leso kuukuu, akamwomba mama yule mdogo ajifunge na atembee hadi mlangoni. Jina hukaa nyuma, chini ya kiuno. Husomwa na anayebaki. Kila mama alipopiga hatua, JI ya mwanzo na LI ya mwisho zilizunguka mbavuni zikapotea. "Rudi, mama. Tena." Mara tatu. Akabana herufi hadi sentimita 60. Safari ya nne maneno yote yalikwenda na mvaaji mpaka kizingitini, yakisomeka.

Alasiri aliingiza mchoro kwenye kompyuta na kutenganisha rangi, nyekundu peke yake na nyeusi peke yake, kwa sababu kiwandani kila rangi hupigwa kivyake. Wekundu aliuacha upenye chini ya weusi kwa nusu milimita, ili kitambaa kikivutika kidogo pasitokee ufa mweupe. Aliikagua pembe baada ya pembe. Katika pembe ya tatu jani moja lilikuwa limeinama kuliko wenzake. Mimi sikuliona mpaka aliponionyesha kwa kidole. Akalinyoosha.

Wengi wetu tuna mkono wa malipo na mkono wa sadaka, na wa sadaka ndio unaochoka upesi. Siku nzima nilimtizama nikiungoja huo wa pili uonekane. Haukuonekana.

Baada ya magharibi alihifadhi faili la akina mama, akafungua kazi ya mteja wa Jumatatu, orodha ya vyakula. Akachonga kalamu. Akatandika karatasi ya miraba, akaikunja nusu kwa nusu, akatia nukta katikati.